Stara ya Fedha na Daftari Lisilofutika

Noti ya karatasi haibebi jina la mtu. Mnunuzi hulipa, muuzaji hupokea, na habari za biashara ile hubaki baina yao wawili. Malipo ya kielektroniki yaliiondoa hali hiyo, kwa kuwa benki au kampuni ya simu huandika nani kamlipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Mwaka 1976, katika kesi ya United States v. Miller, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mteja hana haki ya kikatiba ya faragha juu ya kumbukumbu hizo, maana zimo mikononi mwa benki.

Mtaalamu wa Kimarekani David Chaum aliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1982 alieleza aina ya saini inayoiwezesha benki kuthibitisha pesa bila kumjua anayeitumia. Kampuni yake, DigiCash, ilifilisika mwaka 1998. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa waraka wa Bitcoin: fedha isiyohitaji benki, yenye kikomo cha sarafu milioni 21.

Wengi huamini kwamba Bitcoin huficha. Haifichi. Kila muamala umo kwenye daftari la hadharani lisilofutika, na mahali pa jina pana msururu wa herufi na tarakimu. Jina likiunganishwa na msururu huo mara moja tu, miamala yake yote ya nyuma hufunuka. Kwa njia hiyo wachunguzi wa Marekani walizifuata bitcoin zilizoibwa katika soko la Bitfinex mwaka 2016, wakakamata zaidi ya 94,000 mwaka 2022. Sarafu ya Monero, iliyoanza mwaka 2014, iliundwa ili kuliziba tundu hilo.

Je, ni haki kuliziba? Kiswahili kinasaidia hapa, kwa kuwa kinatofautisha kuficha na kusitiri. Mwizi huficha alichoiba. Mgonjwa husitiri maradhi yake. Ugumu ni kwamba chombo hakiwezi kuwatenganisha wawili hao. Tornado Cash, programu ya kuchanganya sarafu ili asili yake isijulikane, ilitumiwa na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Vitalik Buterin, mmoja wa waasisi wa mtandao wa sarafu wa Ethereum, naye alisema aliitumia kuichangia Ukraine. Marekani iliiwekea Tornado Cash vikwazo Agosti 2022, mahakama ya rufaa ikaona wizara ya fedha imevuka mamlaka yake, na Machi 2025 vikwazo vikaondolewa. Nchini Nigeria, wakati wa maandamano ya EndSARS dhidi ya ukatili wa polisi mwaka 2020, kundi la Feminist Coalition lilikimbilia bitcoin baada ya njia zake za kupokea michango kupitia benki kufungwa. Anayedai kwamba asiye na kosa hana cha kusitiri hajawahi kuchangia jambo linaloichukiza serikali yake.

Dini hazikuacha suala hili bila mwongozo. Katika Sura ya Al-Baqara ya Kurani, aya ya 271 inaipa ubora sadaka inayotolewa kwa siri, na aya ya 282 inaagiza deni liandikwe mbele ya mashahidi. Aya hizo mbili hazipingani. Sadaka haimdhulumu mtu ikisitiriwa, ila deni lisiloandikwa huweza kumdhulumu mmoja wa wenye mkataba. Kinachoamua ni haki ya mtu mwingine: pale ilipo, kama katika deni, kodi au mali ya umma, daftari ni wajibu, pasipo nayo, stara ndiyo asili, na anayetaka kuifunua ndiye mwenye mzigo wa kutoa sababu.

Kwa kipimo hicho Bitcoin imepungukiwa pande zote mbili. Mhalifu mwenye ujuzi hupata vichaka vya kujificha, na mtu wa kawaida anayelipia dawa kwa anwani inayojulikana huwa ameanika matumizi yake mbele ya dunia nzima. Mpaka sasa, kwa malipo yake madogo ya kila siku, noti humsitiri kuliko bitcoin.