Sindano Iliyodanganya



Mbele ya rubani wa ndege ya jeti kuna vipimo vyenye sindano. Kwa kila injini, kimoja huonyesha mafuta yanayoingia, kingine joto la moshi, kingine mwendo wa mapanga yanayozunguka, na kingine msukumo. Hao ni ndugu wa nyumba moja. Mafuta yakiongezwa, joto hupanda, mapanga huzunguka zaidi, na msukumo huongezeka. Sindano moja ikipanda peke yake na nyingine zimebaki chini, kuna uongo ndani ya nyumba.

Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, Marekani, theluji ilikuwa ikianguka. Ndege Boeing 737 ya Air Florida ilitaka kuruka, na marubani hawakuwasha joto la kuzuia barafu katika injini. Sasa sikieni vizuri. Kipimo cha msukumo hulinganisha nguvu ya hewa mdomoni mwa injini na ya ile inayotoka nyuma. Barafu iliziba kitundu cha mbele. Kipimo kikaona hewa ya mbele kuwa dhaifu, kikahesabu msukumo mkubwa kuliko ulivyokuwa. Sindano ilisema 2.04, kumbe ni karibu 1.70 tu! Zile nyingine zilikuwa chini, nazo zilisema kweli. Rubani msaidizi aliona, akasema zaidi ya mara moja kwamba si sawa. Mkubwa wake akamtuliza. Ndege, yenye theluji hata mabawani, ilipanda kidogo, ikagonga daraja, ikazama mtoni Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa katika magari darajani. Na injini zilikuwa bado na nguvu ya akiba.

Torati ya Musa nayo haikubali shahidi mmoja (Kumb. 19:15).

Sisi wazee wa kanisa tunaungama. Tulitazama sindano moja: wingi wa watu na sauti ya ngoma. Tulifurahi, hekalu limejaa! Lakini sanduku la wajane lilikuwa tupu, wagonjwa walilala bila kutembelewa, na ndugu wawili wanaoimba bega kwa bega hawakusalimiana njiani. Mama mmoja alituambia mara mbili. Tulimjibu aende akaombe.

Tumemwita arudi aseme tena. Jumapili ijayo, kabla ya nyimbo, daftari la wajane litasomwa mbele ya wote, nasi wazee tutasimama kujibu.