KHOFU YA KUANZA KUTUBU



Wengi wetu si kwamba hatutaki kutubu, twaogopa. Tumewaona walioacha Sala miaka 10, wakaketi kuhisabu: Sala 5 kwa siku, mwaka wa siku 354 ni Sala 1,770, miaka 10 ni 17,700. Wakishaliona deni hilo hukata tamaa, wakarudi walikotoka. Khofu hiyo si uchaji Mungu. Ni hila ya Shetani.

Na tuzingatie khabari waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua watu 99. Alimwendea rahibu, akaambiwa hana toba. Akamwua naye, wakatimia 100. Kisha mwanachuoni akamfahamisha kuwa hapana awezaye kumzuilia toba, akamwamuru auhame mji wa uovu aende kwa watu wema. Mauti yakamfikia njiani. Yakapimwa masafa, akaonekana yu karibu zaidi na wema kwa shibiri moja, akaghufiriwa. Hakufika, lakini alikwisha ondoka.

Basi ewe ndugu, usilitazame deni lote. Leo, ukisha sali Adhuhuri, simama ulipe Adhuhuri moja ya kadha. Uwezapo zaidi, zidisha. Usipoweza, kwa moja baada ya kila faradhi, deni la miaka 10 hulipika kwa miaka 10. Na mauti yakikujia kabla, yatakukuta u njiani, umeelekea kwa Mola wako.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.