Kati ya C na C+ Kuna Mtu

Hesabu ya KCSE ni rahisi ajabu. Masomo saba, kila moja lina pointi 1 hadi 12, jumla haizidi 84. Ukipata 46, unagawanya kwa saba inakuja 6.57, inapandishwa hadi 7: C+. Ukipata 45, inakuja 6.43, inashushwa hadi 6: C. Wa 46 anaweza kuomba nafasi ya digrii, wa 45 hawezi. Halafu wa 52 anapewa C+ ileile ya wa 46. Yaani pointi moja imekuwa ukuta, na pointi sita zimekuwa hewa.

Wahandisi wa sauti wana jina la kitendo hiki: kwantaizesheni. Sauti ya mtu hupanda na kushuka bila kuruka, kama njia ya kutoka Embu mjini kupanda kuja kwetu Kibugu. Kompyuta haibebi mteremko, inabeba ngazi. Inapima sauti, inatafuta ngazi iliyo karibu, inaandika namba ya ngazi hiyo, na tofauti inatupwa. Ngazi zikiwa chache, faili ni ndogo na bando linadumu, lakini sauti inakwaruza. Kilichotupwa hakirudi.

Swali langu ni hili: mtu akisukumwa hadi ngazi iliyo karibu, nani anabeba ile tofauti?

Kuna watakaosema asili yenyewe ina ngazi, sasa sisi ni nani? Kweli, tangu Max Planck mwaka 1900, fizikia imejua kwamba nishati hutoka kwa vipande. Elektroni ndani ya atomu ya haidrojeni inakaa ngazi ya kwanza au ya pili, haikai katikati. Lakini ngazi za atomu hazikupangwa na kamati. Kati ya ngazi ya kwanza na ya pili hakuna elektroni inayolia kwamba imeonewa. Kati ya C na C+ kuna mtu, ana jina, na mama yake anauliza atafanya nini sasa.

Sisemi tufute ngazi. Huku kwetu tunalima kahawa, na kahawa haiuziki bila ngazi. Punje inayobaki juu ya ungo wa matundu makubwa ni AA, inayopita kidogo inaangukia AB, ndogo zaidi ni C. Hakuna mnunuzi atakayepatana bei ya punje moja moja. Ila kila mtu kwenye biashara hiyo anajua ungo unapima ukubwa tu. Ladha ina mtihani wake: unachemsha, unaonja. Hakuna anayeangalia AA akadhani ameshakunywa.

Basi ngazi zitakuwepo. Kazi ni kuamua zikae wapi, na hapo wahandisi wenyewe waliachana njia. Mwaka 1957, Stuart Lloyd wa Bell Labs aliandika kanuni ambayo ilichapishwa rasmi mwaka 1982: ngazi zisongamane pale penye wengi. Kosa la jumla linakuwa dogo. Ni hesabu nzuri, ila aliye peke yake huko pembeni anavutwa mbali ili wengi wakae vizuri.

Simu zilifuata njia nyingine. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1972, G.711, inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuipa ngazi 256 tu. Zingepangwa sawasawa, anayepiga kelele angesikika vizuri na mnong'ono ungezama. Kwa hiyo ngazi za sauti ya chini zilipangwa karibu karibu, na za sauti kubwa zikaachana. Katika mpango unaotumika sehemu kubwa ya dunia nje ya Marekani na Japani, hatua kubwa kabisa ni mara 64 ya ile ndogo kabisa. Aliye na sauti kubwa anaweza kuvumilia kukosewa kidogo. Shosho anayeongea polepole hawezi, kosa hilohilo linammeza mzima. Huo ni uamuzi wa haki, hata kama uliandikwa kama jedwali la namba.

Sasa angalia fomu za kazi. Mimi nilisoma chuo kikuu miaka mitatu nikaacha. Fomu inauliza: umehitimu? Ndiyo au Hapana. Ngazi mbili pekee! Na hata si kwamba wanasukuma hadi iliyo karibu, maana mitatu kwa minne iko karibu na minne kuliko sifuri. Wanakata kwenda chini, kila mara. Ukikosea juu na chini, makosa yanaelekea kufutana. Ukikosea upande mmoja tu, yanarundikana, na yanamrundikia mtu yuleyule.

Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu, ya mwaka 2014, inataja kuhamisha masomo kutoka taasisi moja hadi nyingine. Maana yake serikali inakubali kwamba elimu iliyoishia katikati bado ni elimu. Fomu ndizo hazijapata habari.

Kwa hivyo ukipewa siku moja kazi ya kutengeneza fomu, ungo au mtihani, jiulize ni nani atazama katikati ya ngazi zako. Kisha hapo alipo, weka ngazi nyingine. Nafasi moja zaidi kwenye karatasi haigharimu kitu.