Kilichofichwa Chini ya Ardhi

Katika majimbo mengi ya Marekani sheria yaruhusu ardhi moja iwe na wenyewe wawili: mmoja wa juu, na mwingine wa madini yaliyo chini. Hivyo mtu aweza kununua nyumba, kumbe muuzaji amejibakizia mafuta na gesi kwa maneno machache katika hati ndefu. Baadaye huja wachimbaji, wakasukuma maji, mchanga na kemikali kwa nguvu nyingi ili kupasua miamba. Na mwenye nyumba, ahofiaye kisima chake, mara nyingi hana uwezo wa kuwakataza.

Wengine husema: "Alitia sahihi, shauri yake." Je, Islam yaikubali hoja hii? Hata kidogo! Mtume Mtukufu s.a.w. alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ya chini imeloa. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, akaonya kwamba mdanganyifu si katika wafuasi wake. Tazama, ndugu msomaji: mtu yule hakutamka uwongo, alificha tu.

Mwaka 2012 jimbo la North Carolina lilitunga sheria ya kumlazimisha muuzaji amjulishe mnunuzi iwapo madini yametengwa. Ni vyema, lakini mcha Mungu hangoji kulazimishwa. Kuuza nyumba pasipo madini si dhambi. Dhambi ni kuficha, kwani ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Basi kila auzaye na ajiulize: lau mimi ndiye mnunuzi, ningependa kufichwa jambo hili?