Mtoto wa Baba Mdogo: Je, Ni Ndugu?

Ukimwuliza mtoto wa shule hapa Goma ana ndugu wangapi, leo atakuambia watano, na juma lijalo atakuambia tisa. Walimu wengine humkaripia, wakidhani kwamba asema uongo, kisha humfundisha neno la Kifaransa, cousin, wakiona kwamba shauri limekwisha. Wapenzi wasomaji, jambo hili lastahili kufikiriwa vema, maana amri ya nane hutukataza uongo, nasi hatuna haki ya kumhukumu mtoto kwa kosa asilolitenda.

Tuyatazame kwanza maneno yenyewe. Ndugu wa kiume wa baba si mjomba. Ni baba mkubwa au baba mdogo. Dada ya mama vilevile ni mama mkubwa au mama mdogo. Basi watoto wa baba hao na wa mama hao watakuwa nani, kama si ndugu? Watoto wa mjomba na wa shangazi wako upande mwingine: hao ndio mabinamu, na wenzetu wasemao Kinyarwanda humwita kila mmoja wao mubyara. (Lenye kuchekesha ni kwamba neno binamu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mtoto wa ndugu wa baba, yaani yule yule ambaye sisi hatumwiti hivyo!) Kifaransa huwatia wote katika kapu moja. Ni desturi yake. Lakini asiyetofautisha atamwitaje mwongo yeye atofautishaye?

Tena mtoto wetu ana wenzake wenye sifa. Abrahamu alimwita Loti ndugu, ingawa alikuwa mtoto wa Harani, ndugu yake. Labani naye alimwita Yakobo ndugu, hali yeye ni mjomba wake. Mtakatifu Yeronimo, mnamo mwaka 383, alipomjibu Helvidius juu ya wale ambao Injili huwaita ndugu wa Bwana, alieleza kwamba walikuwa watoto wa dada ya Mama Maria. Watu wa lugha nyingine huhitaji vitabu vingi kuifahamu hoja hiyo. Kwetu, watoto wa mama mkubwa ni ndugu tangu zamani.

Uongo, kama upo, hauko kwa mtoto. Uko kwa mtu mzima ampokeaye mtoto wa marehemu ndugu yake, akamwonyesha mbele ya wageni, «huyu ni mwanangu». Na kumbe asubuhi wanawe huvaa sare za shule, huyo hushuka ziwani na bidoni. Jirani akiuliza mbona hasomi, hujibiwa mara moja kwamba huyo si wa nyumba hii. Neno baba hudai chakula, daftari na kitanda. Mwenye kulikubali jina na kuukataa mzigo wake, huyo ndiye wa kukaripiwa.

Hata hivyo ziko siku ambapo neno ndugu peke yake halitoshi, nasi yatupasa kuhesabu. Siku moja ni ile ya ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1091, hukataza ndoa za ubavuni mpaka daraja la nne. Hesabu watu wote, ukimwacha babu wa pamoja: mimi, baba yangu, baba mdogo, mtoto wake, ni wanne. Sasa mimi, mama yangu, mjomba, mtoto wake. Ni wanne pia. Hapo wazee hushangaa, kwa sababu mila za makabila mengi humwona wa kwanza kuwa dada halisi, na wa pili kuwa mchumba afaaye. Mbele ya sheria hii wote wawili ni sawa: ndoa haiwezekani bila ruhusa ya askofu. Wajukuu wa ndugu wawili walikatazwa na sheria ya mwaka 1917. Tangu 1983 hawakatazwi tena. Basi wachumba waendao kwa paroko wataje majina ya wazazi na ya babu na bibi zao, wasiseme tu kwamba si ndugu.

Siku nyingine ni ile ya kukimbia. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbilia Sake na Gisenyi, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Mtoto aulizwaye jina la baba, akataja la baba mkubwa aliyemlea, amesema kweli. Walakini mama yake aweza kumtafuta siku nyingi kwa jina jingine. Kwa hiyo katika darasa langu kila mtoto hujifunza kutaja kwa moyo baba aliyemzaa, mama aliyemzaa, na babu zake wawili, ndipo aongeze baba wengine kadiri apendavyo. Wengi hukwama kwa babu wa upande wa mama. Hao nawatuma nyumbani wakaulize.