Hesabu ni Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, wako miongoni mwetu wadhanio kuwa hesabu ni ilimu ya dukani na skuli tu, wala haihusiani na dini. Dhana hii ni mbovu. Qur'ani Tukufu imeweka mafungu sita ya mirathi: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Asiyejua kugawa atayatekelezaje? Al-Khwarizmi naye, huko Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, alitia katika kitabu chake cha aljebra mlango mrefu wa wasia na mirathi.

Basi na tutazame mas-ala matatu ya kila siku.

La kwanza ni ujira. Kibarua amepatana shilingi 900 kwa siku, akafanya kazi siku nne na nusu, kisha akaugua. Haki yake ni 4,050. Tajiri akimpa 3,600 kwa kusema ni siku nne, amemla shilingi 450. Surat al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Na siku ya kazi nayo ni kipimo.

La pili ni mkopo. Siku hizi mtu hukopa kwa simu, hajainuka kitandani. Tuseme amekopa 3,000 kwa "ada" ya 8 kwa mia kila mwezi. Aona 240 ni kitu kidogo. Lakini akishindwa kulipa asli, akawa atoa ada tu ili aongezewe muda, mwaka ukiisha ametoa 2,880, na deni la 3,000 liko pale pale. Ujira wa kazi haukui kwa kupita miezi. Kikuacho kwa muda ni riba, ijapovishwa kanzu ya ada.

La tatu ni zaka. Mfanyabiashara aliyetimiziwa mwaka na mali ya 2,000,000 yampasa fungu moja katika arubaini, yaani 50,000. Kukisia hakumwondolei deni. Tena wengi huhesabu kwa Januari, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Kila miaka 33 hupotea zaka ya mwaka mzima, nayo ni haki ya masikini.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alituhimiza tusiache ilimu za dunia. Yatupasa leo madrasa zetu ziwafundishe watoto, wake kwa waume, mas-ala haya pamoja na udhu na sala. Tusiojua kuhesabu hapa, tutajibu nini Siku ya Hesabu?

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.