Mikono ya Mke ni ya Nani?



Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo, watu walipokwisha kuaga, mume na mke mmoja walibaki wamekaa kwenye benchi. Nawafahamu tangu walipohudhuria mafundisho ya ndoa kwangu. Mke ni fundi wa cherehani, na si fundi wa kubandika viraka tu. Gauni za harusi, sare za shule, hata kanzu za watumishi wa altare wa parokia yetu zimepita mikononi mwake. Alikuwa amepata kazi kupitia kwa ajenti: mkataba wa miaka miwili katika duka la kushona abaya huko Sharjah, katika Falme za Kiarabu. Pasipoti ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni neno la mume, na mume alikuwa amekataa kulitoa.

"Katekista," aliniambia, "nilimwoa hajui kutia uzi katika sindano. Niliuza ng'ombe nikamlipia karo ya chuo cha ufundi. Cherehani ya kwanza nilimnunulia mimi. Mikono hiyo niliisomesha mimi. Sasa iende kumtajirisha mtu mwingine ng'ambo?"

Mke hakupandisha sauti. "Ng'ombe alilipa karo," alisema. "Kipaji alinipa Mungu."

Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lile rahisi, kwamba mume ni kichwa cha nyumba, basi mama avumilie. Wengi wetu tulio walimu wa dini tumelitumia jibu hilo tukaenda kulala. Lakini ukisoma sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso polepole, utaona kwamba kabla ya kumwambia mke lolote, Mtume Paulo anawataka wote wawili wanyenyekeane. Tena mzigo mzito anamtwika mume, maana anatakiwa apende kama Kristu aliyejitoa mwenyewe. Kichwa cha namna hiyo hakikai na funguo za mikono ya mwingine.

Kwa hiyo niliwaomba muda wa juma moja, nikaenda kulifikiria swali lenyewe. Ufundi ambao mtu anao ni mali ya nani?

Nianze na mke. Katika mfano wa talanta (Mt 25:14-30), bwana anaposafiri anawakabidhi watumishi mali yake, na anaporudi anamwita kila mmoja peke yake atoe hesabu. Yule aliyefukia talanta hakuruhusiwa kusema kwamba mtu fulani alimkataza kufanya biashara. Basi mke huyu ataulizwa yeye juu ya mikono yake. Na mume ambaye angeifukia talanta ya mkewe shambani nyuma ya nyumba, sijui angejibu nini siku hiyo.

Lakini hata neno la mke lina upungufu. Talanta si ya mtumishi pia, ni ya bwana. Anayesema "Mungu alinipa mimi" akakazia neno "mimi" kuliko neno "Mungu" amekwisha kuanza kuteleza.

Na ng'ombe je? Hapa nilimwonea huruma yule ndugu, kwa sababu ng'ombe ni kitu. Kuna watoto waliokunywa chai ya rangi ili mama yao asome. Hata sheria ya Kenya inajua jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kuwa ni mchango kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kumpa mwenzako uenzi, na kazi ya shamba, wala haihesabu fedha tu. Lakini mchango unakupa sehemu katika matunda, haukupi umiliki wa mtu. Mzazi naye hulipa karo, na hakuna mzazi anayeweza kumwambia mwanawe daktari kwamba hataruhusiwa kutibu wagonjwa wa wilaya nyingine.

Juma lilipoisha walirudi, na mume alikuja amejiandaa. Alikuwa na Biblia, kidole kimewekwa kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7. "Paulo anasema mwili wa mke ni wa mumewe," alisema. "Na mikono imo mwilini." Nilicheka, naye akacheka kidogo. Nikamwomba aendelee kusoma. Mstari ule ule unasema kwamba mwili wa mume nao ni wa mkewe. Kwa hiyo ikiwa mikono ile ni yake, basi miguu yake mwenyewe, ile inayomfikisha sokoni Jumamosi na kuchelewa kumrudisha, ni ya mkewe. Hilo hakulipenda sana.

Mstari unaofuata ndio uliotusaidia. Paulo anawaruhusu wanandoa kutengana iwapo wamepatana, kwa muda, kisha warudiane. Sitaki kulivuta andiko, maana yeye alikuwa anazungumza juu ya siku za sala, si mkataba wa miaka miwili Uarabuni. Ila kama kutengana kwa siku chache kunahitaji mapatano, kutengana kwa miaka miwili kunayahitaji zaidi.

Hapo ndipo nilipoona kosa lao wote wawili. Mume alidhani anaombwa ruhusa. Mke alidhani anatoa taarifa. Ruhusa hutolewa na mwenye mali kwa asiye na mali. Taarifa hutolewa kwa jirani. Lakini siku ya arusi yao, mbele ya padre na mashahidi wawili, hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa wala kumpa taarifa. Walitoa ridhaa, na Kanisa linafundisha kwamba ridhaa ya hao wawili ndiyo inayofanya ndoa, wala hakuna mtu mwingine awezaye kuitoa kwa niaba yao, hata wazazi, hata katekista. Nadhani jambo la namna hii lazima liamuliwe kwa njia ile ile ndoa ilivyofanyika. Mmoja akikataa kwa sababu ya kweli, safari haipo. Lakini naye anayekataa anadaiwa sababu, na "nilinunua cherehani" si sababu.

Nilimuuliza sababu yake ya kweli. Alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe alisema anaogopa mkewe atarudi akiwa mtu mwingine, na watu wa sokoni watasema analishwa na mwanamke. Nikamwambia hofu ya kwanza ni ya ndoa, tuizungumze. Ya pili ni ya soko, tuiache sokoni.

Na niseme jambo moja hapa, hata kama wanaume wenzangu watanuna. Baba yangu alikuwa mpishi Mombasa. Alikuja nyumbani Krismasi, na mara nyingine Pasaka. Mimi na ndugu zangu tulimjua kama mgeni mwenye mkate. Katika miaka ile yote hakuna mzee wa kanisa aliyemwita mama yangu kumuuliza kama ndoa yao imo hatarini. Mwanamume akienda kutafuta kazi tulisema ni bidii. Mwanamke akienda ndipo tunakumbuka Sakramenti ya Ndoa. Jambo lenyewe si geni. Wakati wa ukoloni mishahara ya wafanyakazi Waafrika mijini ilipigiwa hesabu ya mtu asiye na familia, na mke akaachwa mashambani. Ni mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali ya wakati ule, iliyoitwa Kamati ya Carpenter, ilipopendekeza mshahara unaoweza kutunza familia. Mama zetu walilipa gharama ya mpango ule, na hawakuulizwa ridhaa.

Watu hupenda kunitajia Akila na Prisila ninapozungumza habari hizi, nami nawapenda sana watakatifu hao. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi kutoka Roma, walifika Korintho wakiwa wageni wasio na shamba, na ufundi wao ndio uliowalisha. Mtume Paulo alikaa kwao na kufanya kazi nao kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja (Mdo 18:1-3). Baadaye walihamia Efeso, na baadaye tena tunawasikia wako Roma. Shamba halisafiri, ufundi husafiri. Tena wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na mara zote sita wametajwa pamoja. Hakuna mahali Akila yuko Efeso na Prisila yuko Korintho akingoja simu.

Basi kwa nini huyu fundi wetu asiende na mumewe, kama Prisila? Kwa sababu sheria ya huko haimruhusu. Katika Falme za Kiarabu, tangu mwaka 2019, mfanyakazi anayetaka kuleta familia hutakiwa kupata mshahara wa angalau dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Mkataba wa mama huyu ulikuwa chini ya hapo, na makao yake ni kitanda katika chumba cha wanawake sita. Mikono inakaribishwa, ndoa inabaki uwanja wa ndege. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu ya mwaka 1981, alikubali kwamba mtu ana haki ya kuhama kutafuta maisha, lakini hakuficha kwamba kuhama huko ni hasara, na kwamba mgeni asitumiwe vibaya kwa sababu ya ugeni wake. Kwa hiyo wanandoa wanaotenganishwa na mshahara mdogo wasijione wametenda dhambi. Sheria Kanuni ya Kanisa, namba 1151, inawadai waishi pamoja isipokuwa kuna sababu halali. Karo na deni la hospitali ni sababu. Tamaa ya kumpita jirani kwa bati jipya, hapo nina shaka.

Mambo ya vitendo tuliyamaliza haraka. Ajenti lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na mkataba useme wazi "fundi wa kushona", maana wako walioondoka hapa mafundi wakafika kule wakapewa ufagio. Cheti chake cha majaribio ya ufundi na nakala ya pasipoti vibaki pia nyumbani. Fedha tulizigawa sehemu tatu: karo, deni, na akiba kwa majina ya wote wawili. Mume ataandika katika daftari kila shilingi inayoingia kwa M-Pesa, na mke ataambiwa bila kuuliza. Mwanzoni mume aliona daftari ni tusi. Nilimwambia hata mimi huandika sadaka ya jumuiya, na sijatukanwa.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi lilikuwa la mwaka wa tatu. Mke alitaka waseme "miaka miwili, halafu tutaona." Mume alitaka "miaka miwili, basi." Nilikuwa upande wa mume. Ridhaa ya miaka miwili haifuniki wa tatu. Ukitaka wa tatu, mnakaa tena kwenye benchi kama siku ya kwanza, na anayesema hapana ana nguvu ile ile. Mke alikubali, ingawa nilimwona amekunja uso.

Aliondoka. Amekwisha kuja likizo mara moja, na binti yao mdogo alijificha nyuma ya baba yake siku nzima ya kwanza. Mama yule aliniambia hilo lilimuuma kuliko joto la Sharjah. Deni la hospitali limekwisha. Mume amejifunza kumsuka binti nywele, vibaya kiasi kwamba majirani humrudia mtoto Jumapili kabla ya Misa.

Juma lililopita alikuja kwangu na daftari lake. Mwenye duka amempa mkewe nafasi ya kuongeza miezi sita, kwa mshahara mzuri zaidi, naye alitaka kujua mimi nasemaje. Nikamuuliza kama wamekwisha kuzungumza wao wawili. Alisema bado, simu yake iko kwenye chaji dukani. Nikamwambia akaichukue kwanza.